Mfalme Kichwa Chini

Kaka yangu hakulia siku mkewe alipokufa, wala siku ya kuzika, wala wiki zilizofuata. Naanza na hilo kwa sababu ndilo majirani walilokuwa wakinong'onezana, na mimi si mtu wa kuacha maneno yazunguke nyumba wakati mlango upo. Watu walipompa pole alijibu, "Nimeshapoa," akawashika mkono mmoja mmoja kama alivyokuwa akipokea vifurushi kaunta. Jirani mmoja akasema yule mzee ana moyo wa jiwe. Nikamwambia jiwe analo yeye kichwani. Amenuna mpaka leo, ananipita kama hanioni, nami nimepumzika.

Nilihamia kwake wiki moja baada ya mazishi. Mimi ni mpiga chapa mstaafu, sina mume wa kuomba ruhusa, na binti yake anaishi mji mwingine na watoto watatu wadogo. Nilikuta kila kitu kiko mahali pake. Kaka anaamka saa kumi na moja na nusu, ananyoa ndevu, anachana karatasi ya jana kwenye kalenda ya ukutani, anakaa. Ukimpa chai anakunywa, usipompa hanywi. Siku moja nilimtilia chumvi badala ya sukari, kwa makusudi kabisa, nione. Akamaliza kikombe, akasema asante. Hapo nikajua huyu hana moyo wa jiwe, amekufa ganzi tu.

Binti yake alipiga simu kila siku saa kumi jioni. "Shangazi, baba amelia?"

"Hajalia."

"Amesema chochote kuhusu mama?"

"Amesema betri ya saa ya sebuleni imeisha."

Na mimi, ukiniuliza, sikuwa na hali nzuri sana. Nilimpenda wifi yangu. Tuligombana miaka arobaini kwa raha zetu, na sasa nilikuwa napika sufuria kubwa mno kwa watu wawili, naimwaga, na kesho yake napika ile ile tena. Sikusikia uchungu. Nilisikia kama mkono niliolalia, najua ni wangu lakini hauniitikii.

Kaka alifanya kazi posta miaka thelathini na minne, dirisha la pili, na watu wote walimwita Muhuri. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kubadilisha tarehe. Muhuri wa zamani ulikuwa na tundu katikati, na ndani ya tundu viliingia vipande vidogo vya chuma: cha siku, cha mwezi, cha mwaka. Unatoa vya jana kwa kibano, unatia vya leo, unakaza, unagonga mara moja kwenye daftari la ofisi na kutia sahihi kando yake. Ndipo mlango unafunguliwa. Kule kwao kugonga stempu waliita kuua, maana ikishagongwa haitumiki tena. Wifi aliwatisha wageni kwa hilo. "Mume wangu anaua wafalme mia nne kwa siku," alikuwa akisema, "halafu anakuja hapa anakula vizuri tu."

Mkuu wake wa kwanza alipostaafu alimwachia sanduku la viatu lililojaa stempu za Kiingereza. Zaidi ya elfu mbili, na zote moja: za peni moja, nyekundu, za Mfalme Edwadi wa Saba, yule aliyetawala miaka tisa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mfalme anatazama upande, ana upara na ndevu, taji liko juu yake na majani yamemzunguka. Kaka alimwita rafiki yake fundi saa, ambaye ni mkusanyaji wa stempu, azitazame. Fundi saa akazichota kwa kiganja, akaziachia zianguke. "Hizi zilichapwa kama njugu," akasema. "Kila Mwingereza aliyemwandikia shangazi yake alibandika moja."

Lakini karani wa posta hatazami mfalme, anatazama muhuri. Kaka aliona kwamba kila stempu imeuawa siku yake, na siku inasomeka. Akanunua albamu kubwa, akachora visanduku mia tatu sitini na sita, kimoja kwa kila siku ya mwaka, na chini ya kila kisanduku akaandika tarehe kwa kalamu. Mwaka wowote wa mfalme yule ulimfaa, ilimradi siku na mwezi visomeke. Jioni utamkuta na bakuli la maji ya uvuguvugu, analowekea stempu zitoke kwenye vipande vya bahasha, anazikausha katikati ya magazeti.

Stempu hazibandikwi gundi moja kwa moja, nilijifunza hilo kwake. Zinatundikwa kwa bawaba, kipande chembamba cha karatasi yenye gundi kinachokunjwa katikati, ili uweze kuifunua stempu kama mlango na kuona mgongo wake. Wifi ndiye aliyezikata bawaba na mara nyingine kuzitundika mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa mashoto, stempu alizotundika yeye zilifungukia upande wa pili. Kaka alilalamika kwamba albamu ina milango ya kushoto na ya kulia. "Basi ingia na wa kushoto," wifi akamjibu. Na kwa wageni alikuwa ameshaongeza maneno: "Siku hizi amestaafu kuua. Anazika."

Tarehe ishirini na tisa Februari, ambayo mfalme yule aliipata mara mbili tu katika miaka yake ya ufalme, kaka aliipata mwaka wa kwanza. Kidogo kidogo albamu ikajaa. Mwishowe kikabaki kisanduku kimoja kitupu, tarehe sita Juni. Kikabaki hivyo miaka kumi na moja. Fundi saa alikuwa akija na stempu mfukoni, anauliza, "Hii je?" Kaka anatazama na lenzi, anatikisa kichwa. "Sita Juni haipatikani," alisema kwa kila mtu. Mimi nikawa natazama dari, kwa sababu nilijua sita Juni ni nini.

Aliniambia siku ya harusi yake, nyuma ya nyumba, suti imembana kwapani, watu wanamtafuta wapige picha. Mwaka uliotangulia, tarehe sita Juni, alipokuwa na miezi mitano tu kazini, bado kwenye majaribio, aliingiza kipande cha sita kichwa chini. Sita ikawa tisa. Aligonga daftarini, akatia sahihi, hakuona. Vipande vyao havikufanana, alinieleza, kana kwamba hilo ndilo nililotaka kujua: tisa ilikuwa na mkia ulionyooka, sita mkia umepinda. Lakini nani anatazama mkia? Aligundua baada ya saa nzima, mkuu akiwa ameenda kunywa chai. Akakigeuza kipande, akachana ukurasa wa daftari, akagonga upya. Mfuko wa kwanza wa barua ulikuwa umeshaondoka.

Ndani ya mfuko ule ilikuwemo barua ya msichana aliyeomba nafasi chuo cha uuguzi. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe sita, na muhuri wa posta ndio shahidi. Chuo kikairudisha bahasha na karatasi ya mistari miwili kwamba maombi yamechelewa. Msichana akaja nayo dirisha la pili.

"Kaka, hii niliileta tarehe sita," alimwambia. "Kwa mkono huu. Nilikupa wewe."

Kaka yangu aliitazama bahasha. Angeweza kusema. Barua moja kutoka posta ingetosha, chuo kingempokea, na yeye labda angefukuzwa, labda asingefukuzwa. Akasema, "Nitafuatilia."

Akafuatilia kweli. Alienda kwao kila Jumapili kutoa taarifa ya uchunguzi. Uchunguzi ule ulichukua miezi saba na ukaishia kwa posa.

"Mwambie leo," nilimwambia pale nyuma ya nyumba.

"Leo, dada?"

"Basi kesho."

Ile kesho ikawa miaka arobaini na moja. Mwaka uliofuata wifi alikuwa mjamzito, chuo hakichukui wajawazito, halafu mtoto mdogo, halafu umri umepita. Akashona sare za shule kwenye cherehani pale sebuleni, maisha yake yote. Watoto wa mtaa wakichubuka magoti waliletwa kwake, si kwa mama zao. Aliwaosha, akawafunga kitambaa kwa fundo zuri bapa, akawauliza kama wana kizunguzungu. Kila alipofanya hivyo kaka alitoka nje kidogo. Mimi nilibaki, na siri yake nimeikalia kama kuku anayeatamia yai viza.

Wifi alikuwa na neno moja kwa mumewe. Kaka akisahau ufunguo, akinunua chumvi wakati ipo, akivaa shati ndani nje, wifi hakufoka. Alimtazama tu, akasema, "Na wewe nawe." Mambo yakaishia hapo. Binti yao alijifunza kulisema kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Alipougua alikaa miezi minne nyumbani kabla ya hospitali. Hakuweza tena kukanyaga cherehani, kwa hiyo aliomba kopo la biskuti ambamo kaka aliweka stempu zilizozidi. Akakaa mezani na lenzi, mchana kutwa, anazigeuzageuza. Nilikuwa nakuja kumwogesha. Siku moja, nikimsugua mgongo, akaniuliza, "Wifi, siku ya harusi, kaka yako alikuwa anakuambia nini kule nyuma ya nyumba?"

Kitambaa kilinidondoka. Nikasema, "Alikuwa anaulizia viti."

"Viti," akasema. Akacheka mpaka akakohoa. Nilidhani amekubali.

Wiki ya sita baada ya mazishi nilimuuliza kaka waziwazi, tukiwa tunakunja shuka. Mtu mwingine angezunguka, mimi sina muda. "Mbona hulii?"

Alilinganisha ncha za shuka kwanza. "Nitamliliaje, dada? Nilimwibia maisha yake, akaniosha soksi miaka arobaini. Amekufa hajui. Angekuwa anajua, akanichukia, ningelia. Angekuwa anajua, akanisamehe, ningelia. Hajui. Sina haki."

Alisema kama vile ungesema duka limefungwa. Lilikuwa kosa langu pia, nami sikuwa nimelia.

Jumamosi iliyofuata akamwita fundi saa, akaweka albamu mezani. Hakuwa ameigusa tangu mkewe alipougua. "Ichukue," akasema. "Na kopo lile."

"Niichukue niipeleke wapi?"

"Popote. Mimi sina kazi nayo."

Fundi saa ni mtu wa adabu. Hakuikwapua. Alivaa kile kilenzi chake cha jichoni, akaanza Januari, akifungua ukurasa mmoja mmoja, anasifu hiki na kile, ili mwenyewe apate nafasi ya kubadili nia. Kaka alitazama ukuta. Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni. Tulikaa hivyo mpaka Mei ikaisha.

"Bwana Muhuri," fundi saa akasema, "mbona hukuniambia umeipata?"

"Nimepata nini?"

"Sita Juni."

Niliinuka na ungo wangu mkononi. Ndani ya kile kisanduku ilikuwemo stempu nyekundu kama zile nyingine, ila mfalme alikuwa kichwa chini, ndevu juu, taji limekanyagwa.

"Umeibandika vibaya," fundi saa akaendelea, akiinama. "Na hapa umekosea. Hivi ilivyo inasomeka sita, lakini mfalme akisimama wima, hii ni tisa. Tisa Juni. Tisa unayo tayari, hii hapa chini."

Kaka akanigeukia. "Umegusa albamu yangu?"

"Mimi? Nitafute nini kwenye makaburi yako?"

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia hasira katika sauti yake tangu msiba, na nakiri niliifurahia. Akachukua kibano, akaishika stempu ukingoni, akaifunua. Ikafungukia upande wa pili, wa mashoto. Fundi saa hakuona kitu. Sisi wawili tuliona.

Kaka aliomba lenzi. Akaitazama stempu ile muda mrefu, halafu tisa halali ya kisanduku cha chini, halafu akarudi. Muhuri wa zote mbili ulikuwa wa ofisi moja.

"Mkia," akasema.

"Mkia wa nini?" akauliza fundi saa.

"Tisa ya ofisi hii mkia umenyooka. Huu umepinda." Alisema polepole sana. "Hii si tisa. Ni sita. Karani aliiingiza kichwa chini. Nimekuwa nayo kwenye kopo miaka yote, nikiihesabu tisa."

"Kumbe hata wao?" Fundi saa alifurahi kweli, masikini, kama mtu aliyeona kasoro kwenye saa ya gharama. "Karne nzima hakuna aliyeona. Umejuaje?"

"Sikujua mimi."

Nilienda kwenye cherehani. Droo ya kulia wifi aliweka sindano, na aliziweka ndani ya bahasha kuukuu iliyolainika kama kitambaa. Nilikuwa nimeiona mara mia, hata juzi nilipopangusa vumbi. Kaka hakuwahi kufungua droo ile, mwanaume atafungua droo ya sindano kwa kazi gani. Nikazimimina sindano kwenye ungo wa mchele, nikaiweka bahasha mezani mbele yake. Anwani ya chuo cha uuguzi, mwandiko wa msichana mwenye bidii, na kwenye kona muhuri: tisa Juni, mkia umepinda. Karatasi mahali pale ilikuwa imesuguka kwa kidole.

Fundi saa akatutazama, akaelewa kwamba haelewi. Halafu, kwa kuwa jicho lake limezoea vitu vidogo, akasema kwa upole, "Na hapa pana maandishi."

Chini ya kisanduku, baada ya tarehe ambayo kaka aliiandika kwa kalamu miaka ile, palikuwa na maneno matatu kwa penseli, yameegemea kushoto kama alivyoandika wifi.

*Na huyu naye.*

Kaka aliyasoma. Najua aliyasoma zaidi ya mara moja, maana midomo yake ilikuwa ikitembea. "Za sita safi ninazo nne," akasema, bila kumtazama yeyote. "Ziko chini ya kopo, nimezifunga kwenye karatasi. Sikutaka kuziweka."

Fundi saa akalifungua kopo. Karatasi ilikuwepo, nne zilikuwemo, na karatasi ilikuwa imekunjwa upya, nadhifu, kwa upande wa pili. Alikuwa amezikuta. Alikuwa na sita nne zilizosimama wima, za kujaza kisanduku kile na kumfurahisha mumewe, akaziacha, akapekua mamia ya wafalme mpaka akampata karani aliyekosea kama wa kwake.

Nikakumbuka viti. Nikakumbuka alivyocheka mpaka akakohoa, na mimi na kitambaa changu, mjinga mzima wa miaka sitini na nane.

Kaka akainuka akaenda jikoni. Tulisikia bomba likifunguliwa, maji yakitiririka, na hakuna kikombe kilichowekwa chini yake. Yakatiririka muda mrefu. Katikati ya maji ikasikika sauti nyingine, nzito, isiyo na mazoea. Fundi saa akavua kilenzi chake, akakitia mfukoni, akaisukuma albamu kidogo kuelekea upande wa mwenyewe, akaondoka bila kuaga. Sikumfuata kaka. Nilikaa nikaanza kutoa sindano kwenye mchele, moja moja, sioni vizuri.

Aliporudi, kola ya shati ilikuwa imelowa na uso umemvimba. Akakaa, akaivuta albamu kwake, akaiacha wazi pale pale.

"Alijua tangu lini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hakukuambia?"

"Aliniuliza ulikuwa unaniambia nini siku ya harusi. Nikamwambia unaulizia viti."

Akanitazama. Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa.

"Dada," akasema, "na wewe nawe," na sauti ikamkatika kabla hajafika mwisho.